Chungu Chini ya Majivu

Hapo zamani, kabla wasomi hawajaanza kubishana kama chembe ndogo kabisa za vitu huwa na hali yake kabla hazijapimwa, wanawake wa kijiji kimoja cha wafinyanzi, kando ya ziwa, walibishana hivyo hivyo juu ya chungu.

Kijijini hapo bibi harusi huingia kwa mumewe na chungu alichofinyangiwa na mama yake. Chungu huchomwa kwa nyasi, kisha hulala chini ya majivu, na ni mwiko kuchungulia mpaka kipoe chenyewe. Chungu cha harusi kikipasuka, mwenye kosa hagusi udongo tena maisha yake yote. Na pale, udongo ndio shamba.

Subilaga alimfinyangia binti yake, Tupokigwe. Chungu kikiwa majivuni, akaja mama wa bwana harusi, Mama Ambokile, naye mfinyanzi.

"Mwanangu, kimesalimika?" akamuuliza Tupokigwe.

"Sijui, mama."

"Hebu kachungulie basi. Roho yangu haitulii."

Tupokigwe akafukua kwa kijiti. Chungu kikalia, ka. Mlio na ufa vilimfikia pamoja, asijue kipi kilitangulia.

Wanawake wakakusanyika. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekana.

Subilaga akasema, "Kosa ni langu. Udongo niliukanda kwa haraka, Mungu anisamehe. Ufa ulikuwemo tangu motoni, huo mlio ni ufa wa zamani ukifunguka. Jicho halipasui chungu. Jicho hukuta."

Tupokigwe akasema, "Hapana, mama, kosa ni langu. Kilikuwa kizima. Nimefukua, nikaingiza upepo wa baridi. Kuangalia kwangu ndiko kulikokipasua."

Mama Ambokile akasema, "Kosa ni langu. Huyu anasema kilikuwa kibovu, huyu anasema kilikuwa kizima. Mimi nasema chini ya majivu hakikuwa hiki wala kile. Njia zote mbili zilikuwa wazi. Mimi niliyeuliza ndiye niliyekilazimisha kijibu."

Jirani mmoja akacheka. "Kwa hiyo maharage yangu jikoni bado hayajaamua kama yameungua?"

"Hayo yako yameshaamua, mwenzangu. Harufu tunaisikia," akajibiwa.

Mwingine akasema, "Mungu anaona chini ya majivu. Yeye alijua."

"Alijua, sikatai," akajibu Mama Ambokile. "Ila alijua nini? Chungu kizima, chungu kibovu, au chungu ambacho bado hakijajibu?"

Aliyekuwa na maharage akasahau kwenda kuyaepua.

Harusi ikawa inasubiri chungu kingine. Udongo mpya ukaletwa, ukawekwa katikati yao. Wote watatu wakakaa, mikono mapajani, kila mmoja akiogopa kuugusa kabla haijaamuliwa kosa ni la nani.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Majivu yameshafukuliwa, na hakuna awezaye kuyarudisha ili tutazame upya. Je, ni mikono ya nani isiguse udongo tena?