Mabakuli Matatu ya Mzee Fisi

Enzi hizo wanyama walikuwa na mitaa, barabara na vikao visivyokwisha, na haya ninayoyasimulia yalitokea katika mtaa wa Kichuguuni, mwaka ambao mvua iliusahau mji mzima. Visima vilishuka, bustani za pembezoni zikageuka vumbi. Aliyekuwa na unga aliuficha, na asiyekuwa nao alianza kuwapenda majirani ghafla.

Katikati ya mtaa palikuwa na shule ya msingi iliyojengwa na wazazi kwa mikono yao wenyewe. Ilipokea kila mtoto, awe na miguu minne au mitatu, awe anaona au haoni. Juu ya lango paliandikwa HAPA HAFUKUZWI MTU kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la Mwalimu Mkuu Simba.

Fuko alikuwa msichana wa darasa la pili. Hakuona tangu kuzaliwa, lakini vidole vyake vilipita juu ya vitabu vya nukta nundu upesi kuliko macho ya wenzake yalivyopita juu ya maandishi. Alikuwa amejiapiza kufika darasa la saba. Hata hivyo tusidanganyane: mwaka ule wa njaa, kilichomvusha soko zima kila asubuhi hadi shuleni hakikuwa kitabu peke yake. Kilikuwa pia uji wa saa nne.

Saa nne Sungura, mpishi wa shule, aligonga kengele ya kwanza, na wanafunzi wakajipanga foleni. Foleni ni jina la heshima tu. Zilikuwa vurugu za viwiko, pembe na mikia. Kwa hiyo wazazi walikuwa wamekubaliana zamani kwamba mabakuli manne yajazwe kwanza na kuwekwa kwenye meza ya pembeni, kwa ajili ya wale wasioziweza vurugu hizo. Moja lilikuwa la Fuko, moja la Chura asiyesikia, na moja la Korongo aliyevunjika mguu akiwa kifaranga. La nne lilimsubiri yeyote atakayelihitaji. Kengele ya pili ilipolia, bakuli ambalo mwenyewe hajafika liligawiwa walio karibu, maana nzi wa Kichuguuni hawakuwa na subira.

Habari za bakuli la nne zilimfikia Mzee Fisi.

Mzee Fisi alikuwa baba wa watoto wanane, na hakuna hata mmoja aliyemwandikisha shule. Sasa, Jumatatu moja, alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu amevaa kaptula ya buluu iliyombana kiunoni.

"Umri huu, Mzee Fisi?" Simba aliuliza.

"Mwalimu Mkuu, utotoni nilinyimwa elimu," Fisi alisema akifuta chozi ambalo halikuwepo. "Nikasema, kama nitasoma, nisome chini ya mwalimu kama wewe. Tena nina kilema. Tazama mgongo wangu unavyoteremka. Miguu ya nyuma haikukua."

Fisi wote waliowahi kuzaliwa wana mgongo wa namna hiyo, na Simba alilijua hilo. Lakini masikio yake yalikuwa yamekwama kwenye "mwalimu kama wewe", na hayakuendelea mbele. Fisi aliandikishwa darasa la pili, kwa sababu madawati ya darasa la kwanza hayakumweza, na bakuli la nne likawa lake.

Mtu mwingine angeshukuru. Mzee Fisi aligundua kwamba mabakuli hutolewa kwa mahitaji, si kwa vichwa. Wiki iliyofuata macho yake yaliingia giza. Wiki ya tatu masikio yakaziba.

Simba hakushtuka, alivimba kifua. Shule nyingine zilikuwa na wanafunzi wenye hitaji moja moja, yake ilikuwa na mwenye matatu kwa mpigo. Aliandika barua kwa Tembo, mkaguzi wa shule, akimkaribisha aje Ijumaa ajionee. Kuhusu mabakuli, alitoa uamuzi mbele ya gwaride la asubuhi: "Mwenye mahitaji mengi atangulie, mwenye hitaji moja avumilie." Korongo alipoteza bakuli lake kwanza. Kisha Fuko akapoteza la kwake. Chura aliachiwa lake, kwa kuwa mama yake alikuwa mjumbe wa kamati.

Siku ya kwanza kwenye foleni Fuko alipigwa pembe ya ubavu na akaifikia sufuria ikiwa tupu. Siku ya pili hakuifikia kabisa. Alirudi nyumbani akiyumba kwa njaa, na mama yake akamshika mabega.

"Mwanangu, siku moja utaanguka kule sokoni, na hakuna atakayejua wewe ni wa nani," mama alisema. "Kama hadi Ijumaa bakuli lako halijarudi, shule basi. Utabaki hapa tuchimbe mizizi."

"Lakini mama, ndio kwanza nimeanza kitabu cha tatu."

"Kitabu hakiliki, Fuko."

Maneno hayo yalimuuma Fuko zaidi ya njaa.

Jumatano aliwahi jikoni kabla ya kengele. "Shikamoo, mjomba Sungura. Mzee Fisi anaona."

"Marahaba. Unajuaje, nawe huoni?"

"Jana nilikuwa naingia darasani, naye anatoka. Sikukohoa, sikumgusa. Akasogea kando akanipisha. Mimi sijawahi kumpisha mtu ambaye sijui kama yupo."

Sungura alicheka mpaka akaegemea sufuria. "Maisha yake yote hajawahi kuwa na adabu, na siku aliyoijaribu imemponza!"

Msije mkadhani Sungura alikuwa na huruma sana. Ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa haki ya mpishi tangu shule ianze, na tangu Mzee Fisi aje, sufuria ilirudi jikoni imelambwa ikang'aa. Jambo hilo lilimkera Sungura kuliko njaa ya mtoto yeyote.

"Twende tukamwambie Mwalimu Mkuu," Fuko alisema.

"Thubutu! Ukimwambia Simba kwamba amedanganywa, atakuchukia wewe, si aliyemdanganya. Kwa Simba haupelekwi ubaya wa mtu. Peleka wema." Sungura alikoroga uji akifikiri. "Hebu niambie. Mtu asiyeona, tena asiyesikia, anastahili nini katika shule hii ambacho Mzee Fisi bado hajapewa?"

"Mwenza," Fuko alijibu mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya shule. Mwanafunzi asiyeona alipewa mwenza wa kumshika mkono, na mwenza alikula kiapo kwamba hatamwachia mpaka amfikishe anakokwenda. Fuko alikuwa na mwenza darasa la kwanza, hadi alipoijua kila njia ya pale.

"Na mwenza wa Mzee Fisi awe nani?" Sungura aliuliza.

Fuko alifikiri kidogo. "Kaka Kobe wa darasa la nne. Kila muhula anaomba, na kila muhula anaambiwa asubiri."

Mwiko ulimponyoka Sungura. "Mtoto, kama si hayo masikio yako mafupi, ningesema sisi ni ndugu."

Simba alipoletewa ombi hilo, alivimba kifua tena. Mtoto aliyenyang'anywa bakuli anamwombea msaada huyohuyo aliyelichukua! Alilizungumzia gwarideni kwa muda mrefu, akijitaja mara saba, kisha akatangaza kwamba kuanzia kesho yake Mzee Fisi hatapiga hatua bila Kobe. Mzee Fisi, ambaye rasmi hakuwa amesikia lolote, alikunjamana uso.

Kobe alikuwa ameisubiri kazi hiyo miaka mitatu, na kanuni zake alizijua kwa moyo. Alhamisi alifika na kijiti cha kupimia mashimo. Kengele ya kwanza ilipolia, alimgonga Fisi kiganjani mara mbili, maana yake twende, na safari ya kutoka darasa la pili hadi jikoni, kuvuka uwanja mzima, ikaanza.

Kwenye kila jiwe Kobe alisimama. Alipima, akagonga kiganja mara tatu, akasubiri Fisi ainue mguu, akamsifu kwa kumpapasa, ndipo akaendelea hadi jiwe linalofuata.

"Nasikia harufu ya uji," Fisi alisema kwa uchungu. "Pua yangu ni nzima. Niache niifuate."

Kobe aliandika jibu kwa kidole kiganjani mwake, herufi moja moja, taratibu: PUA HAIONI MTARO.

Kengele ya pili iliwakuta kwenye mlingoti wa bendera, nusu ya njia. Mezani, mabakuli matatu yasiyo na mwenyewe yaligawiwa walio karibu, na walio karibu, kwa bahati iliyopangwa na mpishi, walikuwa Fuko, Korongo na mpishi mwenyewe. Fuko alikunywa uji ule akihisi nguvu zinamrudi hadi kwenye vidole. Lakini alijua kuwa hayo ni makombo ya siku moja. Orodha ilikuwa bado na jina la Fisi mara tatu, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa Tembo alikuja. Kwa heshima ya mgeni, Sungura alipika supu ya mifupa badala ya uji, na harufu yake ilitanda hadi barabarani. Wanafunzi walipangwa kuzunguka uwanja, na wazazi na wageni wengine wakaketi kwenye madawati karibu na meza. Simba alinyoosha sharubu.

"Mheshimiwa mkaguzi," alinguruma, "utamwona mwanafunzi wetu wa mahitaji matatu akifika mezani kwa msaada wa mwenza wake. Baada ya hapo utuwekee muhuri kwenye orodha yetu ya mabakuli, iwe ya kudumu."

Fuko, aliyesimama kando ya meza, alishtuka. Hakuwa amelifikiria hilo. Mzee Fisi akiweza kuvumilia siku hii moja tu, muhuri utagongwa, na yeye ataanza kuchimba mizizi kesho asubuhi mpaka azeeke. Kengele ya kwanza ililia. Kutoka ng'ambo ya uwanja alisikia kijiti cha Kobe kikigonga ardhi. Ko. Kimya kirefu. Ko.

Walifika jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Wageni walitikisa vichwa kwa kuguswa. Fisi alikuwa anatokwa na udenda hadi kwenye kaptula. Kwenye mlingoti Kobe alisimama muda mrefu kuliko Alhamisi, maana mbele ya mgeni hakutaka kukosea hata kanuni moja.

"Fanya haraka," Fisi alinong'ona. "Tafadhali, kijana. Nakuomba."

HARAKA YA NINI, Kobe aliandika, na kabla hajamaliza, Sungura akagonga kengele ya pili.

Fuko alisikia kijiti kikianguka. Kisha alisikia miguu minne ikipasua uwanja kwa mwendo ambao paa angeuonea wivu, ikaruka mtaro bila kujikwaa, ikakata kona kati ya madawati ya wageni, na ikasimama mezani hasa. Mabakuli matatu yaligongana. Mfupa ulivunjika kwenye meno. Mzee Fisi alitafuna peke yake mbele ya shule nzima.

"Mwalimu Mkuu," Tembo aliuliza polepole, "huyu ndiye asiyeweza kutembea?"

Simba alinyoosha sharubu upya.

"Na mtaro ule aliuona? Na kengele ile aliisikia?"

Simba alimtazama Fisi, akawatazama wazazi, akalitazama jina lake juu ya lango. Sungura alimsogelea na kumnong'oneza kwa upole mkubwa, "Mwalimu Mkuu, si amepona? Shule yako imemponya."

Simba aliyameza maneno hayo kama Fisi alivyokuwa akimeza mifupa. "Amepona!" alinguruma. "Mbele ya macho yenu! Mahitaji matatu, muhula mmoja!"

Watu walipiga makofi, wengine wakiwa wamejiuma midomo. Tembo, ambaye katika ukaguzi wake alikuwa ameshasikia mengi, alichukua kalamu. "Hongera. Basi jina lake lifutwe mara tatu, na mabakuli yarudi kwa Fuko na Korongo, na hilo la nne libaki wazi. Tena, kwa kuwa sasa ni mtu mzima mwenye nguvu zake, ataingia zamu ya wazazi ya kuchota maji ya jikoni. Kwa mbio nilizoziona, apewe zamu mbili."

"Lakini mguu wangu..." Fisi alianza.

"Umepona," Simba alisema kwa ukali, maana sifa zake zote sasa zilisimama juu ya mguu huo. "Kesho alfajiri, na ndoo."

Kobe ndiyo kwanza alikuwa anafika, machozi yakimlengalenga. "Sikumwachia, mwalimu. Naapa. Alinichomoka."

"Usilie, kaka Kobe," Fuko alimwambia akimtafuta bega. "Hakuna mwenza aliyewahi kumfikisha mtu mbali kama ulivyomfikisha Mzee Fisi leo."

Alasiri mama yake Fuko alimsubiri mlangoni na majembe mawili. Fuko alipofika, mama aliinama akamnusa mdomo, akasikia harufu ya supu. Alilirudisha jembe moja ndani.

Na Mzee Fisi? Ukipita Kichuguuni asubuhi utamwona na ndoo zake, akimwambia kila atakayesimama kwamba alionewa. Wenyeji humsikiliza kwa adabu, halafu hucheka akishapita, kwa sababu wanajua hakunyimwa kitu pale shuleni. Aliomba atendewe kama asiyeona na asiyesikia, akatendewa hivyo kwa siku mbili tu, zikamshinda.