Kaburi la Mpakani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, Bi Digidigi alikuwa na shamba la kunde mpakani, katikati ya nchi ya Tembo na nchi ya Kifaru. Shamba lenyewe dogo, lakini mama yake ndiye aliyelifyeka.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Kote kukakauka, pakabaki shamba lile tu, maana lilikuwa na chemchemi. Ndipo wakubwa wakakumbuka mipaka!

"Huku ni kwetu tangu enzi na enzi!" akafoka Kifaru.

"Thubutu!" akajibu Tembo. "Ni kwetu!"

Puu! Paa! Wakapigana siku tatu. Na kunde za nani zilikanyagwa? Za Bi Digidigi! Hata pole hakupewa. Akang'aka kwa hasira:

"Yaani wanagombea kwangu, na mimi nipo hapa hapa nawatazama!"

Sasa, desturi ya kule ilikuwa hivi: alipozikwa babu yako ndipo kwenu, hakuna wa kukutoa. Bi Digidigi akapanga mawe vizuri juu ya kifusi kimoja shambani, akamwendea Tembo.

"Shikamoo, mzee. Kuna mawe ya kaburi pale kwangu. Sijui ni la nani."

"Marahaba. La nani tena? La babu yangu!"

Akaenda kwa Kifaru. Huyo hata hakumwacha amalize. "Babu yangu huyo!"

Siku ya baraza la kuamua ugomvi huo wanyama wote wakaja. Tembo akajibwaga juu ya mawe. "Babu weee! Umeniacha na nani?"

"Toka hapo!" Kifaru akamsukuma. "Huyu nilimzika mimi, kwa mikono yangu!"

"Mna hakika, wazee?" akauliza Bi Digidigi.

"Tunaapa!"

"Haya, tufukue."

Chaku! Chaku! Yakatoka majivu, maganda ya kunde na chungu kilichopasuka.

"Hili ni jalala langu!" akapaza sauti Bi Digidigi. "Mmelia juu ya takataka zangu, wazee wazima! Hamwoni haya?"

Baraza zima likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Lakini Nungunungu, aliyewahi kunyang'anywa shamba lake, hakucheka. Akasimama mbele ya Tembo na Kifaru.

"Na kwangu je?" akauliza. "Mliponifukuza na wanangu, mlilia vivyo hivyo juu ya kaburi. Pale alizikwa nani?"

Kicheko kikakatika. Tembo akatazama chini, Kifaru akaanza kurudi kinyumenyume. Wanyama wakachukua majembe, wakaongozana na Nungunungu kwenda kufukua.

Hadithi yangu imefika, nanyi shikeni hili: wenye nguvu hudai ardhi kwa jina la mababu, kumbe ni tamaa ya matumbo yao.