Zimwi Lililopima Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Kunjeni miguu huko nyuma, mtu asije akarukwa. Haya.

Zamani, karibu na kijiji cha wakulima wa mtama, lilikaa zimwi refu kuliko mnazi. Lilikuwa na kamba ya ukili yenye uganga. Likimpima mtoto kutoka utosini mpaka kisiginoni, kamba hujinyoosha yenyewe hadi kimo atakachofikia ukubwani.

Wazazi wakafurahi, maana nani hapendi kusifiwa mwana? Wakawapeleka watoto mbio, kila mmoja akitaka wake ampite wa jirani. Hakuna aliyeuliza zimwi linapata faida gani. Watu wazima hao, na akili zao!

Basi, palikuwa na msichana jina lake Mashavu, na mdogo wake Siwema.

Kamba ikamgusa Mashavu, ikasogea kidogo tu, ikasimama.

"Wewe utakomea kimo cha mchi!" zimwi likasema.

Watoto wakacheka. Hata mama yake akainamisha uso.

Kamba ikamgusa Siwema. Ikajinyoosha, ikajinyoosha, ikajinyoosha. Mama akapiga kigelegele.

"Vizuri," zimwi likasema. "Warefu wote ni wangu. Mtama ukivunwa nitawachukua, nikawafuge pangoni. Wakimaliza kurefuka, nitawala."

Mama akakatisha kigelegele, akamvuta Siwema kwake.

Mashavu alimpenda mdogo wake kama roho yake. Mavuno yakaisha, na zimwi likaonekana linakuja, tenga la kubebea watoto begani. Mashavu akalikimbilia njiani.

"Shikamoo, Babu Zimwi."

"Marahaba, mchi. Nipishe."

"Babu, umetupima sisi sote. Je, wewe nani amekupima? Labda hujamaliza kukua."

Zimwi likatua tenga, likakuna kichwa. "Mikono yangu haifiki kisiginoni."

"Lala chali, nyoosha miguu, nikupime mimi."

Sasa, ninyi mnajua kwamba mtu akirukwa miguu hakui, na dawa yake ni kurukwa tena kwa kurudi. Mnajua kwa sababu mna bibi. Zimwi halina bibi.

Basi, likalala. Mashavu akashika kamba, akaruka miguu ile, hop! Zimwi likapungua, likawa kimo cha mpapai. Akataka kuruka tena arudi alikotoka, akakumbuka. Lo! Akazunguka nyayoni mwa zimwi, akarudi upande wa kwanza.

"Mbona unaruka?"

"Navusha kamba, Babu. Tulia."

Akaruka, hop! Likawa kimo cha mtama. Akazunguka nyayoni.

"Mbona mbingu inapanda?"

"Mbingu haipandi, Babu. Tulia."

Akaruka, hop! Likawa kimo cha mchi.

Kijizimwi kikainuka, kikajikuta uso kwa uso na Mashavu. Kikaanza kulia.

"Niruke kwa kurudi, dada! Nakusihi, dada!"

"Leo mimi dada? Si nilikuwa mchi?"

Kikakimbilia kwenye kichuguu, kikajifukia humo. Mashavu akarudi nyumbani na ile kamba, akaitia jikoni ikateketea. Mama akamkumbatia, akalia kwa furaha na kwa aibu pia. Jioni ile kijiji kizima kilikula ugali wa mtama mpya, na watoto wote walikuwapo.

Je, kamba ilikuwa imedanganya? Haikudanganya. Siwema alirefuka kweli, akawa anainama kila anapoingia mlangoni kwa mama yake. Mashavu alikomea kimo cha mchi, akiingia wima. Lakini wageni walipomsifu Siwema kwa kimo chake, alimshika dada yake mkono na kusema, "Urefu huu wote amenipa huyu."

Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni. Kamba hupima kimo, haipimi mtu.

Na wewe uliyemruka mwenzio nikisimulia, nimekuona. Rudi umruke tena.