Mgeni Rasmi Profesa Mbwilo

Siku Profesa Mbwilo, mkuu wa chuo, alipotangaza ada inapanda maradufu na asiyenayo arudi kwao, wanafunzi walilia mpaka mto mkavu ukatiririka. Mwanafunzi mmoja tu, Sikudhani, ndiye aliyecheka. Binti yule angeweza kumuuzia samaki maji, tena kwa mkopo.

Akaingia ofisini. "Shikamoo Profesa. Ada tumeikubali. Tumekuandalia na sherehe, mgeni rasmi ni wewe."

"Marahaba! Sasa mmepata akili."

Jumamosi tumbo la Profesa lilifika ukumbini saa nzima kabla yake. Wazazi walijaa mpaka juu ya paa. Sikudhani akampa maikrofoni.

"Profesa, waambie wazazi, hii ada mpya ni nzito?"

"Nzito wapi! Hela ya vocha tu hiyo!"

Sikudhani akaweka beseni mbele yake. "Haya, hii ni harambee ya ada, na mgeni rasmi ndiye anayefungua. Walipie wanafunzi kumi tu, Profesa."

Jasho likamtoka la kuogesha tembo. "Kumi? We mtoto una wazimu? Mshahara wangu hautoshi hata wawili!"

Ukumbi ukalipuka.

"Wamekusikia, baba," alisema Sikudhani. "Sasa itangaze ile ada ya zamani. Maikrofoni bado unayo."

Akaitangaza.