Kadi Iliyokosa Mwenzake

Hapo zamani, Jumanne tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, katika kituo cha mpakani cha Kasenda, kadi moja ilikosa mwenzake.

Ilikuwa kadi ya buluu. Kila mgeni aliyevuka daraja kuingia nchi ile alijaziwa kadi mbili. Ya buluu ilibaki kituoni, nyeupe aliondoka nayo. Siku ya kutoka aliirudisha nyeupe, karani akazibana zote mbili kwa pini, mgeni akahesabiwa kuwa ameondoka. Buluu iliyobaki peke yake waliiita mjane. Mjane maana yake kuna mtu ambaye siku zake zimekwisha na bado yumo ndani.

Karani wa kadi aliitwa Kalunde. Amri ilikuwa imetoka makao makuu: kadi zote za miaka arobaini zilinganishwe, na kila mgeni aliyepitiliza siku zake atafutwe. Vituo vingine viliomba askari. Kalunde aliomba meza ndefu. Kwa miezi saba alilinganisha kadi elfu kumi na moja, akapata wajane mia mbili na sita, akawatafuta mmoja mmoja. Hakumfunga mtu pingu. Alikwenda hadi mlangoni, akasoma tarehe, akakabidhi wito, akaondoka. Wengi walikuja kituoni kwa miguu yao.

"Unafuata watu kama kivuli," Mzee Maganga, mkuu wa kituo, alimwambia siku moja.

"Sifuati watu, mzee. Nafuata tarehe. Watu nawakuta hapo hapo."

Mjane wa mia mbili na sita alikuwa fundi visima, jina lake Bukuru. Aliingia kwa siku tisini kuchimba kisima kimoja katika kijiji cha Nsimbwe. Zikapita siku mia nne. Kalunde alimpata kwa kuuliza madukani ni nani anayenunua kamba ndefu kila mwezi. Alipofika Nsimbwe aliinama juu ya shimo, akaita.

"Bukuru, siku zako zilikwisha mwaka jana."

"Najua, dada," sauti ilijibu kutoka chini. "Nazihesabu. Nimekutana na mwamba."

"Nina wito wako. Utafika kituoni tarehe tisa Machi."

"Uteremshe kwa ndoo, basi. Na kama una chai, iteremshe pia."

Aliuteremsha wito. Ndoo ikapanda na karatasi yenye saini na tope. Wanawake waliokuwa wakitazama walicheka. Kalunde alipangusa tope, akaweka karatasi kwenye faili.

Basi asubuhi ile ya Jumanne, wakati Bukuru yuko njiani, Kalunde alifungua sanduku la mwisho, na humo akakuta mjane wa mia mbili na saba. Akaisoma kadi. Mwanamke mmoja, Nyanzobe. Mtoto mmoja wa kike, Kalunde, miezi minne. Siku thelathini. Sababu ya safari: hospitali. Tarehe ilikuwa ya miaka thelathini na miwili iliyopita.

Mama yake aliitwa Nyanzobe. Mama huyo alimwambia maisha yake yote kwamba amezaliwa Kasenda, nyuma ya soko.

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Jiko la chai lilikuwa linawaka hatua tatu kutoka mezani. Kadi ingekuwa jivu kabla maji hayajachemka. Kalunde aliiandika kadi ile kwenye daftari, namba mia mbili na saba, akajaza fomu mbili za wito, moja ya mama yake, moja yake mwenyewe. Yake akaisaini. Kisha akaenda nyumbani, akasimama mlangoni.

Nyanzobe alikuwa anapepeta mtama.

"Mama, nimekuja kikazi."

"Kazi gani ya nyumbani kwangu saa tano?"

Kalunde akasoma tarehe. Ungo ukasimama.

"Nilidhani panya wameshaila kadi hiyo," Nyanzobe alisema.

"Panya hawaingii kwenye chumba changu."

"Ndiyo hasara ya kukusomesha." Akajifunga kanga yake, akafunga mlango. "Twende."

Kituoni walimkuta Bukuru ameshafika, tope hadi magotini. Mzee Maganga aliwaketisha wote watatu kwenye benchi moja, akawasomea sheria. Aliyepitiliza siku zake anavuka daraja siku hiyo hiyo, kabla geti halijafungwa saa kumi na mbili jioni, na harudi kwa miaka kumi. Lakini kila mkuu wa kituo anaweza kutoa kibali kimoja cha ukaazi kwa mwaka. Kibali kimoja, mtu mmoja. Cha mwaka ule kilikuwa bado hakijatolewa.

"Semeni," alisema Maganga.

Bukuru akasema: "Nilipewa siku tisini. Ningerudi kwetu siku ya tisini, shimo likiwa kavu, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikaa. Nimechimba pima kumi na tisa kwenda chini. Juzi maji yametoka. Ila kisima hakijajengewa ukuta ndani. Mvua za mwezi ujao zitakibomoa, na pale hakuna mwingine anayeweza kazi hiyo. Ningeweza kujificha, nimalize. Nimekuja kwa sababu nilitia saini. Nipe kibali, mzee, nirudi shimoni."

Nyanzobe akasema: "Mnangoja niseme mpeni binti yangu. Sisemi. Yeye ndiye aliyenileta hapa." Bukuru aliinamisha uso kuficha kicheko. "Nilivuka na mtoto aliyekuwa hapumui vizuri. Siku thelathini hazikutosha. Alipopona zilikuwa mia moja, nikaogopa. Nikabaki, nikapika uji katika wodi ya watoto ya hospitali ile miaka ishirini na minane. Upande wa pili sina nyumba wala ndugu aliye hai. Huyu ana nguvu na ana kisomo, ataishi popote. Mimi nina miaka sabini. Nipe kibali nizeeke kwangu."

Kalunde akasema: "Mimi nililetwa mgongoni. Upande wa pili sijawahi kulala hata siku moja, na lugha yao siijui. Kadi hii ningeweza kuichoma asubuhi. Nimeileta. Watu wote niliowatafuta niliwasomea tarehe, na mimi sijui kujitetea kwa kitu kingine. Tarehe hiyo nilikuwa na miezi minne."

Mzee Maganga alichukua kadi aione kwa macho yake. Akaweka kidole juu ya mhuri.

"Mhuri huu niliugonga mimi," alisema.

"Ni wewe," alisema Nyanzobe. "Ulikuwa mwembamba. Miaka miwili baadaye mwanao alilazwa wodini kwetu, ukaniona pale. Ukala uji wangu wiki nzima."

"Nilikuona. Nilijua siku zako zimepita. Nikanyamaza."

Alivuta daftari, akaandika kwa mkono wake: mimi Maganga nilijua, nikanyamaza. Akaweka tarehe. Hakuna aliyemlazimisha. Kisha akachukua fomu ya kibali, akaisaini chini, kwa sababu bila saini yake isingekuwa halali. Nafasi ya jina akaiacha wazi.

"Mimi siwezi kuchagua. Nina deni la uji," alisema. Akamsogezea Kalunde fomu na kalamu. "Kujaza jina ni kazi ya karani. Mpaka saa kumi na mbili karani ni wewe."

"Mzee, mimi ni mmoja wao."

"Najua. Lakini katika chumba hiki wewe peke yako ulishika kadi inayokuumiza, ukaiandika daftarini bila kuulizwa. Andika."

Kalunde hakuigusa kalamu. Alimtazama Bukuru.

"Usinitazame mimi, dada," alisema Bukuru. "Nitazame nikiwa chini ya shimo, huko ndiko nilikozoea."

Alimtazama mama yake. Nyanzobe alikuwa anatazama dirishani, upande wa soko.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Kalunde aliandika jina moja, akasubiri wino ukauke, akaitia fomu katika bahasha, akamkabidhi Mzee Maganga.

Ninyi mliosikiliza, semeni. Yupo aliyevunja sheria kwa makusudi ili watu wa kijiji kingine wapate maji, kisha akajileta mwenyewe. Yupo aliyeivunja ili mtoto wake apone, na hana pa kurudi. Yupo ambaye hakuvunja kitu, akajishtaki. Kibali ni kimoja.

Je, nani alistahili?