Chungu cha Eulalia

Apeni kwanza kwamba neno hili halitavuka kizingiti. Hata mimi niliapishwa nisiliseme, na kiapo hicho nimekitunza vizuri sana, tangu asubuhi hadi saa hizi. Basi, sogeeni.

Mtu mmoja huko kisiwani Kuba alikuwa na nyumba kubwa na babu mmoja. Nyumba aliirithi, babu alimtundika ukutani: picha ya mzee wa Kihispania mwenye masharubu. Huyo bwana aliitwa Evaristo, na kila mgeni alionyeshwa babu kabla hajaonyeshwa kiti.

Jikoni alikuwamo Eulalia, mpishi wake wa miaka ishirini. Bibi wa bibi yake Eulalia alifikishwa kisiwani kutoka Afrika na minyororo miguuni. Hakushuka na kitu mkononi. Lakini mapishi alishuka nayo kichwani, na kichwa hakijapatikana mnyororo wake. Alijua bamia, alijua viazi vikuu, alijua ndizi za kukaanga. Muhogo aliukuta kwa wenyeji, waliokuwa wakiula kabla Mhispania hajaota safari. Mhispania naye alileta nguruwe, vitunguu saumu na mchele. Na huo mchele, msimwambie Evaristo, babu zake walifundishwa na Waarabu. Vyote hivyo vilishuka hadi kwa Eulalia, akavitia katika chungu kimoja cha chuma, vikapatana kuliko watu waliovileta.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa nyumba. Evaristo akaalika wakubwa wa mji, kisha akasimama mlangoni pa jikoni. Alisema mezani pake kitaliwa chakula cha babu tu. Hayo mabamia na maharage meusi yasivuke mlango, hata harufu yake. Na karamu ikiisha, Eulalia atafute nyumba nyingine, maana mpishi wa Kihispania amekwisha kuagizwa.

Eulalia hakulia. Aliomba jambo moja: awapikie wenzake wa jikoni chungu cha mwisho, wapate kula wageni wakimaliza, na ukoko uwe wake, kwa kuwa desturi ya nyumba ile ukoko ni haki ya mpishi. Akakubaliwa. Akapika, akafunika, akatoka uani na wenzake kungoja.

Mezani wageni wakaandaliwa mkate mgumu, zeituni, na samaki wa chumvi aliyekauka kama soli ya kiatu. Walikula kwa adabu. Mnaujua ule ulaji wa adabu, mtu anatafuna huku anaangalia mlango. Na harufu, jamani, haikusikia amri ya mtu. Mara kiti cha mwenye karamu kikaonekana kitupu. Wakangoja. Mkewe, Bibi Remedios, akainuka kumtafuta, na wageni wote wakamfuata, eti wana wasiwasi.

Wakasikia kijiko kikikwangua chuma. Kwaru, kwaru. Bibi Remedios akasukuma mlango wa jikoni.

Evaristo alikuwa amechuchumaa sakafuni, chungu katikati ya magoti, kidevu kinang'aa mafuta, vidole vyeusi kwa maharage. Bamia zimekwisha, muhogo umekwisha, wali umekwisha. Sasa alikuwa kwenye ukoko. Shavu moja limevimba, hawezi kutafuna, hawezi kutema.

Eulalia akaingia kutoka uani, akapita katikati ya wakubwa wale, kichwa juu, akasimama mbele yake.

"Bwana, nikuletee sahani, au nikafungashe vyangu?"

Waliojibu ni wageni: mmoja baada ya mwingine wakamuuliza Mama Eulalia, kwa heshima zote, kama ataweza kuteleka chungu kingine.

Basi anayejisifu mbele yenu kwamba yeye ni wa asili moja tu, mbona hamumwambii kwanza afungue kinywa, tuone anatafuna nini?