Sega Moja la Mzee Mwaipaja

Hapo zamani, si zile za sungura kushtakiana na fisi, ni hizi za juzijuzi za mashine kupumulia watu, Mzee Mwaipaja, mfuga nyuki, aliugua mapafu akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wakamtia mpira wa hewa kooni. Akaushika, akauvuta. Daktari Kihwele akaona huyu atajiua kwa mkono wake mwenyewe, akamlaza kwa dawa ya usingizi mzito, siku tano. Mapafu yakaanza kupona.

Walipomzindua, mwili ulirudi, akili haikurudi. Akawa anapunga nyuki wasiokuwepo. Mkewe, Bi Tusekile, akimshika mkono, mzee anamsukuma na kumkodolea macho kama amemfumania akiiba mizinga. Mama wa watu alilia, nani asingelia?

Daktari akataka kumlaza tena. Nesi Ndeshi akakataa. Akaomba dawa nyepesi, ya kumtuliza bila kumzamisha, tena ipunguzwe kila asubuhi. Daktari akauliza, akiung'oa mpira je? Nesi akajibu kwamba atasimama pale pale kitandani. Akasimama kweli. Kila asubuhi alifungua pazia, akamvalisha mzee miwani, akamtajia siku.

Na Bi Tusekile kila siku alikuja, akampa habari za nyumbani, akasukumwa. Siku ya tano mzee alimtazama sana, akamminya vidole. Mpira ulipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa jina la mkewe.

Sasa, ukoo wa mzee una desturi: aliyeponea chupuchupu humpa mwokozi wake sega la kwanza la msimu, na halikatwi vipande. Ukilikata, nyuki wanahama. Mzee akawaita wote watatu.

Daktari akasema, "Bila usingizi wangu angeung'oa mpira. Akili ya maiti mngeirudisha wapi?"

Nesi akasema, "Usingizi huo huo ndio uliompoteza, Daktari. Mimi nilimtoa huko, na angeung'oa mpira, lawama ingekuwa yangu."

Bi Tusekile akasema, "Mimi sijui dawa, wanangu. Nilisukumwa siku nne, nikarudi siku ya tano."

Mzee ameshika sega, asali inamchuruzika vidoleni, na hakuna aliyenyoosha mkono. Haya, nyinyi mnaojua kuamua ya wenzenu, mwambieni: ampe nani?